Tahadhari: Usiipige Kiki Pikipiki Iliyolala Mafurikoni

Usiipige kiki kwanza. Kama pikipiki yako ilifikiwa na maji ya mto Tana, au imelala miezi miwili mitatu nyuma ya nyumba ukingoja barabara ifunguke, iache pale pale ilipo mpaka umalize kusoma. Mwenye tuktuk naye asikilize, kwa sababu chombo chake hubeba watu wengi zaidi na huumiza wengi zaidi.

Mafuriko yakija, kila mtu huiona hatari. Watu huhama, mali huhamishwa, redio hutangaza. Hatari ninayoizungumzia huanza siku maji yanaposhuka. Jua limetoka, lori la kwanza limepita Madogo kuingia mji wa Garissa, steji imejaa abiria waliokwama, na kijana ambaye hajashika pesa kwa wiki nyingi anaitoa pikipiki yake iliyokuwa imelala. Anaipangusa tope, anaipiga kiki mara kumi, ishirini, inakohoa, inawaka. Anamshukuru Mungu, na dakika tano baadaye amempakia mama na mtoto. Injini imewaka, lakini hakuna aliyeangalia breki, waya wa mafuta, matairi wala oili. Hapo ndipo mtu anapovunjika mguu, au anapobaki njiani kwenda Dadaab na jua la saa saba likimchoma.

Mto huu tunaujua. Garissa inaweza kufurika bila tone moja la mvua kuanguka mjini. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, mabwawa ya juu yanajaa, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, kisha maji yanayofurika yanateremka taratibu hadi kwetu na kuendelea Hola na Garsen. Novemba 2023, msimu wa mvua fupi wa deyr ulipokutana na El Niño, barabara ya Nairobi ilikatika upande wa Madogo na mji ukatengwa. Miezi michache baadaye, msimu wa mvua ndefu wa gu wa 2024, yakawa yale yale. Mwishoni mwa Aprili, mashua iliyokuwa ikivusha watu eneo la Kona Punda ilipinduka na watu wakafa. Ukihesabu tangu barabara inapokatika mpaka maisha yanaporudi, vyombo vingi vya maeneo kama Mororo, Ziwani na Bakuyu huwa vimekaa muda mrefu bila kuwashwa, vingine vikiwa vimezama hadi tangini.

Kwingine chombo huandaliwa kabla ya kulala hivyo. Katika nchi za baridi, mwenye skuta anajua kwamba theluji ikianza ataiweka ndani mpaka majira ya kuchipua. Kwa hiyo anaiandaa: anamwaga mafuta ya kabureta, anang'oa betri, anaweka tairi mbali na sakafu, na akiitoa tena anaipeleka kwa fundi kabla ya kuipanda. Skuta kuukuu hasa, zile za miaka mingi zenye kabureta na waya za chuma, huwasumbua sana wasiozitunza. Sisi hatuna theluji, kwa hiyo hatuna desturi hiyo. Pikipiki yetu inafanya kazi kila siku, na inaposimama husimamishwa na maji usiku wa manane, au na ugonjwa, au na kukosa pesa ya petroli. Inalala bila kuandaliwa, tena katika joto linalopita nyuzi 35, na pikipiki zetu nyingi si changa. Pikipiki za Boxer na TVS zilizobeba watu na magunia miaka saba, minane, zina mpira uliokauka, waya zilizochakaa na sili zinazopitisha maji. Hizo ndizo zinazoamka vibaya.

Nianze na injini, kwa kuwa ndiyo inayouliwa na ile kiki ya kwanza. Maji yakiingia kwenye silinda, pistoni haiwezi kuyabana jinsi inavyobana hewa. Ukipiga kiki kwa nguvu, au ukiisukuma ukiwa umetia gia, pistoni inagonga maji na mkono wake wa chuma unapinda. Unaweza usisikie kitu siku hiyo. Injini inaweza kuwaka, lakini baadaye mkono ule unaweza kuvunjika ukiwa kwenye mwendo, utoboe injini na kumwaga oili kwenye gurudumu la nyuma. Kwa hiyo zima ufunguo, ng'oa plagi kwanza, weka kitambaa juu ya tundu, kisha piga kiki polepole. Kama kuna maji utayaona yakiruka. Endelea mpaka yaishe, tia oili safi kijiko kimoja kwenye tundu hilo, izungushe tena kwa kiki, na uiache.

Kisha oili. Fungua kifuniko cha kupimia uiangalie juani. Oili iliyokutana na maji hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa. Ukiiona hivyo, usijidanganye kwamba itajisafisha ikipata moto. Oili ya namna hiyo hailindi chuma, beringi zinasagana. Imwage yote, tia mpya ya bei nafuu, iwashe injini dakika chache bila kupanda, uimwage tena, ndipo utie oili ya kazi. Watu hulalamika kwamba huko ni kumwaga pesa mara mbili. Pikipiki hizi hunywa takriban lita moja tu ya oili. Kufungua injini nzima kutakugharimu mara nyingi zaidi ya lita hiyo. Kichujio cha hewa nacho kikiwa kimelowa tope, kitupe. Kile cha sponji huoshwa na kukaushwa, lakini cha karatasi hakifai tena.

Petroli iliyokaa ni jambo ambalo watu wengi hawalichukulii kwa uzito. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, huruka kidogo kidogo hata tangi likiwa limefungwa, na joto la kwetu linaiharakisha. Kinachobaki kinabadilika rangi, kinanuka uchachu, na kinaacha gundi ya kahawia ndani ya kabureta. Tundu za jeti ni nyembamba mno. Gundi kidogo tu inatosha kuziziba. Hapo pikipiki itawaka ukiivuta choki, lakini ukipanda mwinuko au ukitaka kulipita lori inakosa nguvu na kuzima mbele ya gari. Ongeza maji yaliyoingia tangini. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, mahali hasa ambapo mafuta huchukuliwa. Toa petroli kidogo uitie kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie, na ukiona tabaka mbili ujue umwage tangi lote, ufungue skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, ulisafishe lote.

Na sasa nasema kwa msisitizo: hayo mafuta mabovu yasiingie jikoni. Usimpe jirani awashie mkaa. Usiyatie kwenye taa wala kwenye stovu ya mafuta ya taa. Petroli hata ikiwa imechakaa inatoa mvuke unaoshika moto kwa cheche moja, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini mpaka ukute jiko lililo hatua kadhaa. Katika herio, kile kibanda cha mikeka, au chumba cha mabati chenye watoto, moto wa namna hiyo haukupi nafasi ya kukimbia. Kazi yote ya tangi ifanyike nje, mchana, mbali na sigara na jiko. Injini nayo isiwashwe ndani ya kibanda kilichofungwa, kwa sababu moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu inayomlaza mtu asiamke.

Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupumulia. Tope likikauka humo, mafuta yanashindwa kushuka. Pikipiki inaondoka vizuri mjini, inakwenda kilomita kadhaa, inazima. Ukifungua kifuniko inawaka tena, unadhani imepona, kisha inazima mbele zaidi. Mtu anaweza kubadilisha plagi na kabureta na bado asijue tatizo ni tundu linalosafishwa kwa sindano. Chungulia pia mwisho wa ekzosi: nyigu wa udongo hupenda kujenga humo chombo kikilala. Na kabla hujatia mkono chini ya kiti, kifungue kwanza na upige piga kwa fimbo. Mafuriko huwafukuza nge na nyoka kwenye mashimo yao, na chini ya kiti ni pakavu.

Ukiacha moto na moshi wa sumu, mengi ya hayo ni mambo ya kukwama. Yanayoua hasa barabarani ni mawili: waya wa mafuta na breki.

Waya wa mafuta, ule unaouvuta kwa mkono wa kulia kuongeza mwendo, unapita ndani ya mpira mwembamba. Tope na kutu vikiingia humo, waya unakwenda lakini haurudi. Umevuta ili uingie barabarani, umeachia ili upunguze, na pikipiki inazidi kukimbia. Mtu aliyepakia abiria, mkono mmoja umeshika mzigo, hana muda wa kufikiri. Kipimo chake ni rahisi, na hufanywa injini ikiwa imezimwa: vuta mpaka mwisho, achia ghafla. Lazima urudi wenyewe kwa kishindo. Geuza usukani kushoto kabisa, jaribu tena. Kulia kabisa, jaribu tena. Ukirudi polepole hata upande mmoja tu, waya huo haufai kupakwa oili na kuombewa. Badilisha. Na ikikutokea ukiwa njiani, zima ufunguo na ushike klachi. Usishindane nayo kwa breki peke yake.

Breki ya mbele ya pikipiki zetu nyingi za kazi huvutwa na waya vile vile. Waya uliooza ndani hauonekani kwa nje. Unashikilia siku zote unapovuta kidogo, unakatika siku unapovuta kwa nguvu zako zote, yaani siku ngamia ameingia barabarani. Ndani ya ngoma ya gurudumu kuna hatari nyingine. Zile breki shuu zimegundishwa kwenye chuma, na zikikaa majini gundi huachia. Ukiingia barabarani kipande kinabanduka na ama breki inapotea kabisa, ama kinajikunja na kufunga gurudumu. Gurudumu la mbele likijifunga kwenye mwendo, pikipiki huanguka, na mwendeshaji na abiria wanaweza kurushwa mbele. Kwa hiyo chombo kilichozama kifunguliwe magurudumu yote, ngoma zisafishwe tope na kutu, shuu zikaguliwe kwa jicho, na beringi zitiwe grisi mpya au zibadilishwe. Tuktuk ambazo breki zake ni za mafuta zina ugonjwa wao: mafuta ya breki hunywa maji, na yenye maji huchemka breki zikipata moto, hapo pedali inazama hadi sakafuni bila kusimamisha kitu. Yamwagwe, yatiwe mapya, hewa itolewe.

Matairi yaangalie pembeni, si juu tu. Mpira uliosimama juani miezi mingi ukiwa na upepo mdogo hupasuka mistari myembamba. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya duara refu. Zikiwa 3518, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2018, hata kama muuzaji anaapa ni jipya. Cheni iliyoshika kutu na kukakamaa isilazimishwe. Betri iliyokufa itakunyima honi na indiketa, na kwenye tuktuk itakunyima hata stata. Hiyo ni hasara, lakini utaiona mapema.

Kuna jambo jingine ambalo limenisukuma kuandika kwa haraka. Maji yakishuka, soko la pikipiki za mitumba huchangamka. Mtu anayeuza chombo kilichozama ana sababu zote za kukiosha, kukipaka rangi na kukipeleka mbali, Wajir, Mandera au Dadaab, ambako hakuna anayejua kilikotoka. Anayenunua mara nyingi ni kijana ambaye familia imeuza mbuzi ili apate kazi. Walalo, ndugu yangu, usinunue jioni, na usinunue kwa haraka. Fungua taa ya mbele uangalie nyuma yake kama kuna mstari wa tope. Bonyeza sponji ya kiti, unuse. Angalia ndani ya kisanduku cha betri, kwenye viunganishi vya waya, chini ya raba za mikono. Rangi mpya kwenye tangi la pikipiki yenye miguu ya kutu ni ishara mbaya. Linganisha namba ya fremu na ya injini na zilizo kwenye hati ya umiliki. Muuzaji akikukataza kung'oa plagi au kuangalia oili, ondoka.

Kwa nini nasisitiza hivi hapa kuliko pengine? Kwa sababu kwetu boda si usafiri wa kwenda sokoni tu. Kutoka Fafi, Balambala, Hulugho au vijiji vya Lagdera, mara nyingi pikipiki ndiyo inayomfikisha mgonjwa mahali anapoweza kupata gari. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hukalishwa katikati, mwendeshaji mbele, jamaa nyuma akimshikilia, ingawa sheria inaruhusu abiria mmoja tu na kila mtu avae kofia ya kinga. Siwalaumu, ambulensi iko mbali. Lakini fikiria pikipiki hiyo ndiyo iliyolala mafurikoni na haikukaguliwa. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni karibu kilomita 100, kuna sehemu ndefu zisizo na kivuli, duka wala mtandao wa simu. Kukwama huko na mgonjwa ni jambo zito, na katika barabara za kuelekea mpakani ambako usalama si wa kuaminika, kukwama jioni ni hatari kwa kila mtu. Anayekwenda njia hizo abebe maji ya kunywa ya kutosha, plagi ya akiba na waya wa akiba, na amwambie mtu wa nyumbani anapita njia gani.

Naomba pia wenye pikipiki wanisikie, maana waendeshaji wengi hupanda vyombo vya watu. Kijana anajua breki ni mbovu, lakini jioni anatakiwa alete pesa ya siku, na mwenye mali amekwisha kukaa miezi bila kupata kitu. Mkopo wa pikipiki nao haukusimama wakati wa mafuriko. Hapo ndipo ajali inapopikwa. Mama au mzee unayemiliki boda tatu, tuktuk mbili, msamehe mwendeshaji pesa ya siku mpaka chombo kipite kwa fundi, na gharama ya waya, shuu na oili uibebe wewe. Waya wa breki ni miongoni mwa spea za bei nafuu kabisa dukani. Wenyeviti wa steji wana nguvu ambayo polisi hawana: wanamjua kila mwendeshaji na wanajua chombo gani kilizama. Watoe amri kwamba chombo hicho kisipakie stejini mpaka kikaguliwe mbele ya wenzake. Mafundi wa jua kali wanaweza kusaidia zaidi kwa kukataa kukiwasha tu na kukiachia. Mteja akitaka iwake peke yake, mwambie utafanya na breki au hutaigusa. Na abiria, una haki ya kuuliza kabla ya kupanda: hii ilipatwa na maji? Imefunguliwa magurudumu? Vuta mwenyewe breki ya mbele uone kama inashika. Asiyetaka kujibu, mpishe.

Ukimaliza kazi yote, safari ya kwanza nenda peke yako, bila mzigo, ndani ya mji, mchana. Anza taratibu mahali peupe, jaribu breki ya nyuma, kisha ya mbele, kisha zote mbili, kila mara kwa mwendo mkubwa kidogo. Zunguka nusu saa. Ukirudi, sogeza mkono karibu na ngoma za magurudumu bila kuzigusa: iliyo na moto mkali kuliko mwenzake, breki yake inakwama na ifunguliwe tena. Injini ikipoa, angalia oili upya. Ikiwa imegeuka rangi, imwage, urudie, na abiria wasubiri siku nyingine.